Miwani ya Mama na Maharagi ya Nyantende

Bukavu, Alhamisi. Mvua ya asubuhi, matope hadi kwenye ngazi za nyumba, kisha jua kali baada ya saa sita. Umeme umekatika tena hapa Nyalukemba, kwa hiyo naandika na betri iliyobaki kwenye kompyuta. Nina hasira. Si hasira ya kushindwa. Ni ile inayonifanya nivae viatu haraka asubuhi.

Nataka kuandika kilichotokea leo kabla sijaanza kukipamba. Kazi ya redio imenifundisha kwamba kumbukumbu huanza kusema uongo siku ya pili.

Leo ilikuwa nafasi ya mwisho ya mkono wa Mama.

Mama yangu ni mkulima wa Nyantende. Mwezi uliopita mguu wa mbabula, jiko letu la makaa, ulivunjika, sufuria ya maji ya bugali ikapinduka kutoka juu ya makaa, naye akajaribu kuidaka. Mkono wa kulia uliungua kuanzia kwenye vidole hadi juu ya kifundo cha mkono. Ngozi inapona. Tatizo ni kwamba inapona ikiwa imejikunja. Ngozi iliyoungua huvuta, na vidole huifuata. Usipovinyoosha, vinajifunga kama ngumi, na ngumi haishiki jembe. Kuvifungua baadaye kunataka upasuaji ambao, kwa hali ya mji huu sasa, sijui nimpeleke wapi aupate.

Kwa hiyo kila baada ya siku moja bandeji inatolewa, kidonda kinasafishwa, na vidole vinanyooshwa kimoja kimoja. Dawa za maumivu zinapatikana siku zingine. Siku zingine tunapewa maneno.

Neno lenyewe ni moja: vumilia. Daktari analisema, masista wanalisema, wanawake wa shirika la Mama la parokia wanalisema huku wakimpangusa jasho. Tolea Yezu maumivu yako, Maman. Mama ni Mkatoliki kwelikweli, na alitolea. Kisha siku moja akaingiza mkono chini ya kitenge, akawaambia wote waliokuwa pale: "Nimemutolea Yezu ya kutosha. Na yeye apumuzike."

Tangu siku hiyo akakataa kuguswa vidole. Bandeji alikubali, vidole hapana. Akasema arudishwe nyumbani, atalima na mkono wa kushoto.

Mimi neno hilo silipendi, na nimeacha kujifanya nalipenda. Nimelisikia mbele ya maikrofoni yangu kutoka kwa viongozi wa kila rangi ya sare. Bei zinapanda, vumilieni. Barabara imekatika, vumilieni. Benki zimefungwa, vumilieni. Sijawahi kulisikia kutoka kwa mtu ambaye mkono wake ndio ulio ndani ya bandeji.

Hapo ndipo Bahati alipoingia. Bahati ni mtaalamu wa kunyoosha viungo, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Hospitalini kila mtu humwita Kine, kifupi cha jina la kazi yake kwa Kifaransa. Mwenzake mmoja aliyesoma naye alimwachia kifaa ambacho wagonjwa wanakiita kaske, yaani kofia ngumu, ingawa hakifanani na kaske ya pikipiki. Ni miwani mikubwa inayofunika macho yote, hakuna upenyo wa mwanga. Ndani yake kuna picha inayokuzunguka. Ukigeuza kichwa kushoto, unaona kilicho kushoto. Ukiinua uso, unaona mbingu. Kwa Kiswahili cha vitabu wanaiita uhalisia pepe. Mama anaiita miwani ya Kine, na mimi nitamfuata.

Kine alinieleza hivi: akili haina nafasi isiyo na mwisho. Maumivu yanataka nafasi hiyo, na hofu ya maumivu inataka nafasi hata kabla maumivu hayajafika. Ukiijaza akili kitu kingine, chenye picha na sauti, maumivu yanapata kiti kidogo. Hayaondoki, na kidonda hakiponi kwa ajili ya picha. Nilimuuliza kwa namna tatu tofauti, kama ninavyowauliza wanasiasa, akajibu vilevile mara zote. Nilimheshimu kwa hilo. Kisha nikavaa miwani mimi mwenyewe, nikampa mkono anifinye. Alinifinya vizuri. Alama iko bado. Niliisikia, lakini kwa mbali, kama redio ya jirani.

Nilipopeleka habari hii kazini, mhariri wangu aliisoma hadi mwisho, kisha akasema: "Nsimire, mji uko vile unauona, na weye unaniletea miwani?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, naleta miwani. Mtu hangojei amani ndipo aungue. Maji ya bugali hayaulizi nani anashika mji. Kama tunasubiri vita viishe ndipo tushughulikie maumivu ya mwanamke mmoja kitandani, basi tumewapa wenye vita hata kile ambacho hawakuja kukichukua. Hakuitangaza. Ndiyo maana inakaa hapa, kwenye blogu yangu, mahali ambapo mhariri ni mimi.

Upinzani mwingine ulikuwa wa nyumbani. Kaka yangu mkubwa, Yaya Deo, anafundisha chuo kikuu na anapenda mambo yenye heshima. Aliiona miwani ile usoni mwa mgonjwa mwingine akanivuta pembeni. "Maman haiko mutoto wa kuonyeshwa sinema," alisema. "Amesema anataka kurudi nyumbani. Tumurudishe." Simlaumu sana. Ndiye aliyekuwa akimshika mabega siku za kunyoosha vidole, na mtu akimshika mama yake mabega namna hiyo hutafuta mlango wowote wa kutokea.

Nilimwomba jaribio moja. Akakubali.

Jaribio hilo lilishindwa, na lilishindwa kwa namna ambayo ningeweza kuijua mapema kama ningefikiri. Picha zilizokuja na kifaa ni za kutuliza watu. Kine alichagua bahari: mchanga mweupe, maji ya buluu, mawingu, kimya. Mama akageuza kichwa kushoto. Akageuza kulia. Akageuka hadi nyuma.

"Batu beko wapi?" akauliza.

"Haina batu, Maman," Kine akasema. "Ni fasi ya kupumuzika."

"Fasi haina batu, haina mbuzi, haina moshi," Mama akasema. "Bamekimbia nini?"

Akaivua kwa mkono wa kushoto, akaiweka kwenye blanketi kwa uangalifu kana kwamba imeumia.

Nimeripoti kutoka vijiji vingi vya mkoa huu. Najua kabisa kijiji kisicho na moshi maana yake nini. Mtu aliyetengeneza picha ile alitaka kumpa mgonjwa amani, na huko kwao amani huenda ni mahali ambapo hakuna mtu. Huku kwetu mahali pasipo mtu ni mahali pa kuuliza maswali. Niliwaza hivyo nikishuka ngazi za hospitali, nikajiona nina akili. Kumbe sikuwa nimeelewa kitu.

Kwa maana nilifanya kosa lilelile.

Niliazima kamera ya rafiki yangu mpiga picha, ile inayopiga pande zote kwa pamoja. Nikapanda Nyantende Jumamosi kupiga picha ya shamba la Mama: maharagi, migomba nyuma yake, kilima, njia inayopita juu. Kamera kama hiyo unaisimamisha kwenye fimbo katikati, unaiwasha, halafu unakimbia kujificha, kwa sababu haina nyuma. Popote ulipo inakuona.

Shambani nikamkuta Maman Faida, jirani anayemwangalizia Mama shamba, na wakwe zake wawili, wote wameinama wanapalia. Nikawasalimia. Kisha nikawaomba wasogee kando kidogo ili nipige shamba peke yake.

Ndiyo. Shamba tupu. Baada ya yote niliyoyasikia.

Maman Faida alinyoosha mgongo wake taratibu. "Tutoke? Kwani kumekuwa nini?"

Nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sawa, ni ya Maman yako. Lakini akiona shamba bila miye atasema nimekufa." Halafu akaniangalia mikono. Huko Nyantende, mtu hasimami mikono mitupu mahali wengine wameinama. Hata padri akipita njiani hushika jembe, apige mara mbili tatu, ndipo aendelee na safari. Si kazi, ni salamu. Mimi nilikuwa nimesimama pale muda wote na fimbo ya kamera. Akanipa jembe. "Shika, mwandishi. Watu wasiseme Nyantende haikukulea."

Kwa hiyo kamera ikawashwa, na mimi sikukimbia kujificha. Niliinama. Sijapalia maharagi tangu nilipokuja mjini kusoma. Wakwe wa Maman Faida walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilidhani wananichekea viatu.

Picha sikuiangalia yote. Niliona kwenye simu kwamba imeshika, mwanga ni mzuri, ndege wanasikika. Nikampelekea Kine.

Leo asubuhi Yaya Deo alifika hospitalini akiwa na mfuko wa nguo za Mama umeshafungwa, na teksi inasubiri nje. Tulikuwa tumeelewana: Mama akikataa leo, anakwenda nyumbani na mkono wake ulivyo. Aliweka mfuko karibu na mlango na kusimama kando yake. Mama aliuona. Nadhani ulimfurahisha.

"Hii iko ya shamba," nikamwambia. "Ya kwako."

Aliniachia nimvalishe.

Kichwa chake kikaanza kuzunguka, polepole, kama mtu anayeingia nyumbani kwake baada ya safari na kuangalia kama kila kitu kipo. Kine alianza kufungua bandeji. Mabega ya Mama yakapanda. Yaya Deo akapiga hatua moja mbele, kwa mazoea.

"Eh. Faida iko pale," Mama akasema. "Faida, asinge."

"Hasikii, Maman," nikasema.

"Najua hasikii. Namusalimia tu."

Kine alifika kwenye kidonda. Nilimwona Mama akiuma mdomo. Nilimwona pia akigeuza kichwa upande wa migomba, kisha akakirudisha, akakisimamisha.

"Na ule njo nani? Mwenye anainama sawa mutu amepoteza funguo?"

Ndipo nilipokumbuka.

"Nsimire?"

"Njo miye, Maman."

"Unafanya nini mu maharagi yangu?"

"Ninapalia."

"Hapana. Haupalie. Unaua."

Kine alikuwa ameshika kidole cha kwanza. Aliniangalia kwa jicho moja, nikaelewa: endelea kusema.

"Ni majani tu, Maman."

"Ile haiko majani. Ile njo haragi. Acha. Nsimire, acha, nakuambia."

"Naacha, Maman," nikasema, kama mjinga, kana kwamba jembe lilikuwa bado mkononi mwangu.

"Hauachi. Ona, umekata ingine. Na Faida anacheka. Faida, unacheka nini? Mutoto anamaliza shamba na weye unacheka."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama wa Luhwindja aliyevunjika mguu, aliuliza ni nini kinachokatwa. Akaambiwa ni maharagi. Akasikitika kwa sauti. Kutoka hapo chumba kizima kikawa shambani. Sista mmoja alisimama mlangoni na sahani ya dawa akasahau alikuwa anampelekea nani.

"Deo iko wapi?" Mama akasema. "Deo, njoo uone dada yako. Masomo yote ile, na hajue haragi."

"Ninaona, Maman," Yaya Deo akasema, ingawa kutoka mlangoni hakuwa akiona chochote isipokuwa mwanamke mzee mwenye miwani mikubwa akifokea ukuta.

"Unaona nini? Haukamate jembe vile. Inakamatwa chini. Unapita kando, haupite mu kati. Pale. Pale, nakuambia, pale."

Akanyoosha mkono kunionyesha pale.

Mkono wa kulia.

Nitaandika nilichokiona, na si zaidi. Kine alikuwa ameuachia kwa sababu ulimponyoka. Ulipanda hewani bila bandeji, mwekundu, unang'aa kwa mafuta ya dawa, na kidole cha shahada kikanyooka kuelekea kwenye mstari wa maharagi ambao mimi nilikuwa nikiuharibu. Hakikunyooka chote. Kiungo cha mwisho kilibaki kimepinda kidogo. Lakini kidole hicho hakikuwa kimenyooka tangu siku ya sufuria, hata kwa nguvu za Kine, hata na mabega yameshikwa. Leo kilinyooshwa na mwenyewe, kwa hasira, ili kunifukuza shambani.

Kine aliinua mkono wake wazi chini ya ule wa Mama, bila kuugusa, kama mtu anayengoja kitu kidondoke. Mama aliponyoosha kidole mara ya pili, Kine akavipokea vidole vingine na kuvisindikiza.

Kazi iliisha kabla ya picha. Mama ndiye aliyekataa kuvuliwa, alitaka kuhesabu hasara.

Alipovua, jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Nilimuuliza kama iliuma. Ni swali langu la kazi, siwezi kuliacha.

"Imeuma," akasema. "Lakini sikuwa na nafasi ya kuisikiliza."

Kisha akaangalia mfuko wa nguo karibu na mlango. Nilishika pumzi. Nimehoji watu wenye bunduki mezani bila kushika pumzi.

"Deo, ile mufuko irudishe chini ya kitanda. Nikienda sasa na mukono hii, nani atatengeneza kile huyu ameharibu?"

Yaya Deo alirudisha mfuko. Alikwenda kumlipa mwenye teksi, akarudi, akasimama mbele yangu na uso wake wa profesa.

"Nani alikupa jembe?"

"Maman Faida."

"Basi kosa ni ya Faida," akasema, na akatoka haraka. Kutoka dirishani nilimwona uani akicheka peke yake, mkono kwenye mti wa avoka, kicheko cha mtu ambaye hatahitaji kushika mabega ya mama yake keshokutwa.

Sitaki kuandika muujiza. Kine amesema wazi kwamba ngozi itavuta tena usiku huu, na itabidi kuinyoosha tena, na tena, kwa miezi. Kifaa ni kimoja na wagonjwa ni wengi. Betri yake inategemea umeme uleule ambao hivi sasa sina. Na dawa za maumivu bado zinahitajika. Miwani isije ikawa sababu nyingine ya mtu fulani ofisini kusema dawa si lazima. Hilo nitalipigania pia, na nitalipigania kwa jina langu.

Lakini naandika hili kwa ajili ya wote wanaosema wagonjwa wa huku wamezoea. Hatujazoea. Hakuna anayezoea kunyooshwa kidole kilichoungua. Tunachozoea ni kunyamaza, na wengine wanakuja kutupima kwa kimya chetu na kuandika kwamba hatuna maumivu. Mama leo hakunyamaza. Alipiga kelele kutoka mwanzo hadi mwisho, kelele zote zilikuwa za maharagi, na mkono ukafunguka.

Kine alinifuata hadi kwenye korido nilipokuwa naondoka. Sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi.

"Madame, ile picha haitafanya kazi mara ingine. Ameshaijua. Anahitaji ingine."

"Jumamosi alfajiri nitarudi Nyantende, uipate kabla ya bandeji."

"Ndiyo. Lakini..." Akaangalia nyuma kama mtu anayeuza kitu cha magendo. "Usijifunze kulima mbele ya Jumamosi."

Nimekaa na maneno hayo tangu mchana. Katika kazi yangu nina sheria moja ambayo sijaivunja hata walipotaka kunilazimisha: sipangi tukio. Simwambii mtu alie tena kwa ajili ya kamera. Simwombi askari apite mara ya pili. Ninarekodi kilichopo au nazima mashine. Wapo walioivunja, nami nikawafanya wafukuzwe kazi.

Na Mama si mjinga. Nilipombusu kuaga, alinivuta kwa mkono wa kushoto, akaniambia sikioni: "Kama unarudi, maharagi uache. Kuna viazi upande wa juu. Na ile haujue."

Sijui kama alikuwa ananionya au ananiagiza. Nimejiuliza tangu saa ile, na swali langu la kazi halinisaidii hapa, kwa sababu nikimuuliza atanijibu, na akinijibu itaharibika.

Betri inaonyesha nyekundu. Mvua imeanza tena upande wa ziwa.

Jumamosi nitapanga tukio. Nitasimamisha kamera katikati ya shamba, Maman Faida atakuwepo, wakwe zake watakuwepo, moshi utakuwepo. Nitashika jembe kwa juu, mahali pasipofaa, na nitaingia kwenye viazi.